Tani

Miaka thelathini na mmoja nilipima miwa
kwenye mizani ya malori, pale Mumias,
tani kumi na nane, tani ishirini na mbili,
dereva akichungulia dirishani kunilaumu
kana kwamba uzito niliuumba mimi.

Sasa napima mbwa.
Kila Jumatatu, kabla ya chai,
namweka kwenye mizani ya unga ya marehemu mke wangu.
Namwambia tulia. Hatulii.
Mshale unatetemeka pamoja naye:
kilo moja na gramu mia moja themanini.
Naandika daftarini. Mkono haujasahau kazi.

Nanzala alimleta ndani ya kikapu cha mayai
alipohamishiwa zahanati moja huko Lodwar.
"Baba, lile joto litamuua wiki ya kwanza."
Nikauliza, huyu ni mbwa au ni ahadi ya mbwa?
Jina lake la Kizungu halikukaa mdomoni mwangu.
Nikamwita Tani.

Mama Rapando aliniuliza, juu ya ua,
kama ananilindia nyumba dhidi ya panzi.
Nilicheka naye. Kisha nikaanza kuhesabu
vinavyoweza kumuua:
sofa, akiruka vibaya;
kisigino changu;
ukosi wa shingoni, ukivutwa kidogo tu,
maana koo lake ni mrija wa kalamu;
jogoo wa Mama Rapando, asiye na adabu hata kwa watu;
mvua ya mawe ya saa tisa;
siafu, ambao hawabishi hodi;
na mwewe.

Mwewe hasa.
Zamani alizunguka juu ya miwa na sikuwa na habari naye.
Leo kivuli kikipita uani
nainuka kabla sijajua nimeinuka,
mwavuli mkononi, jua kali,
wapita njia wakinong'ona kwamba karani amechanganyikiwa.

Nimekata miguu ya sofa.
Nimejifunza kutembea bila kuinua nyayo,
naburura kandambili ndani ya nyumba yangu mwenyewe
kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.
Utosini mwake pana mahali hapajafunga,
laini, kama pa mtoto mchanga.
Kidole changu kilipagusa usiku mmoja
nikakiondoa haraka,
kama niliyefungua barua isiyo yangu.

Siku ya kumzika Shiundu nilitoka alfajiri
nikasahau chakula chake.
Niliporudi saa saba hakuja mlangoni.
Alilala ubavu chini ya meza, macho wazi, hayanioni,
mwili umelegea kama soksi iliyoloa.
Daktari Osundwa alikuwa Butere,
mkono mmoja ndani ya ng'ombe anayezaa, simu begani.
"Sukari," akasema. "Msugue ufizini. Sasa hivi.
Usimnyweshe maji, utamzamisha."

Sukari!
Nilifungua kopo, nusu ikamwagika sakafuni.
Kidole kwenye mate, kidole kwenye sukari,
kidole kwenye ufizi mwembamba kama ukingo wa kucha.
Malori yote yale. Foleni toka langoni hadi barabara kuu,
matingatinga yakinguruma usiku kucha,
na hapa zilihitajika punje
zinazoshika kwenye ncha ya kidole cha mzee.

Akalamba.
Nikangoja.
Akalamba tena.
Nilikaa sakafuni hadi giza, taa sikuwasha.
Sisimizi walikuwa wameshapanga mstari.

Sasa anakula mara nne kwa siku, simu ikilia.
Imelia kanisani mara mbili;
mchungaji husita kidogo, kisha huendelea.

Juzi Osundwa alimtazama meno.
Ana miaka miwili, akasema,
na akitunzwa atafika kumi na tano, hata kumi na sita.
Mimi nina sitini na tisa.
Nilijumlisha njiani. Nyumbani nikajumlisha tena, kwa kalamu.

Usiku nikampigia Nanzala, nilikuwa na swali.
Tukazungumzia joto la Lodwar, bei ya maji,
Tani akikoroma mfukoni mwa sweta yangu.
"Baba, ulitaka kuniuliza nini?"
Nikamwambia ameongeza gramu ishirini.